Shajara ya mradi: kulinda mafaili ya katuni kwenye Blender, Krita, Audacity na Kdenlive

Mradi unahusu kompyuta tatu za kutengenezea katuni fupi za watoto: mbili za kuchora na kuhuisha, moja ya sauti na uhariri. Zote zinatumia Windows 11. Programu ni Blender 4.2 LTS (kuhuisha), Krita 5.2 (kuchora), Audacity 3.7 (sauti) na Kdenlive 24.12 (kuhariri video). Kazi yote imo D:\katuni, jumla kama GB 180 ukiacha fremu zilizokwisha kurenda, yaani kugeuzwa picha kamili. Shabaha ni hii: umeme ukikatika zipotee dakika chache tu za kazi, na diski ikifa, kazi ya jana irudi yote na ifunguke kwenye kompyuta nyingine. Hilo la kufunguka ndilo lililokula muda.

18 Januari 2025: kila programu inaweka wapi

Kabla ya kununua chochote, kila programu ilipekuliwa kwa maswali matatu: faili kuu liko wapi, linategemea nini nje yake, na nakala ya dharura inaandikwa wapi.

Krita huandika nakala ya dharura kando ya faili lenyewe, ila mchoro ambao haujapewa jina huenda kwenye Temp, folda ya Windows ya mafaili ya muda. Blender huandika kwenye Temp siku zote. Kdenlive huweka nakala zake ndani ya AppData\Local\kdenlive, kwenye folda ndogo iitwayo .backup. Audacity, mradi usiposeviwa, huweka sauti yote ndani ya AppData\Local\Audacity\SessionData. Maana yake ni kwamba anayenakili D:\katuni kila jioni anaacha karibu nakala zote za dharura kwenye C:. Tena Temp ndiyo folda ambayo Storage Sense ya Windows, ikiwashwa, huisafisha yenyewe.

UPS tatu za VA 650 (betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika) zilinunuliwa, TSh 150,000 kila moja. Zinatosha kusevu na kuzima. Asitokee mtu wa kuendelea kurenda kwa betri hizo.

25 Januari: Blender, sehemu ya kwanza

Ukisevu, Blender haiandiki juu ya faili la zamani moja kwa moja. Huandika kwanza faili la muda lenye jina lile lile na alama ya @ mwishoni, likikamilika ndipo la zamani linageuzwa kuwa .blend1 na jipya kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo diski ikijaa katikati ya kusevu, faili la zamani linabaki zima. Kila shoti, yaani kipande kimoja cha katuni, ina faili lake; ukikuta shoti03.blend@ imebaki kwenye folda, kuna kusevu kulikokatika.

Mipangilio iliyobadilishwa iko Edit > Preferences > Save & Load. Save Versions huja ikiwa 1, ikawekwa 10. Haikudumu: kila toleo ni nakala kamili, na shoti yenye MB 400 ilikuwa inabeba GB 4 za matoleo pembeni yake. Ikashushwa hadi 3. Historia ndefu ni kazi ya mfumo wa nakala rudufu, si ya folda ya kazi. Kumbuka kwamba .blend1 ndilo jipya zaidi kati ya ya zamani, na linafunguka bila kubadilishwa jina. Kwenye kichujio cha dirisha la kufungulia washa Backup.blend Files, vinginevyo hutaliona.

Auto Save huja ikiwa kila dakika 2. Kwa mafaili makubwa Blender inaganda kidogo kila inapoandika, na mhuishaji akishachoka anazima kabisa. Dakika 5 ndiyo suluhu iliyokubalika. Folda ya muda ilihamishwa kwenye File Paths > Temporary Files kwenda D:\dharura\blender, nje ya mkono wa usafi wa Windows na ndani ya eneo litakalonakiliwa.

Jambo moja la kuangalia kwenye quit.blend, lile faili linaloandikwa unapofunga Blender kawaida na kurudishwa kwa File > Recover > Last Session: jina ni moja tu. Madirisha mawili ya Blender yakifungwa, la mwisho kufungwa linafuta la kwanza. Usilitegemee.

2 Februari: Blender, sehemu ya pili, yaani balaa la vitu vya nje

Hapa ndipo kazi nyingi hupotea huku faili la .blend likiwa salama kabisa.

Kwanza ni tekscha, yaani picha zinazovikwa juu ya maumbo, zilizopakwa ndani ya Blender. Kusevu .blend hakusevu picha uliyoipaka kwa Texture Paint. Picha ni kitu cha peke yake, na mpaka uchague Image > Save, au Save All Images, rangi zote zimo kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu. Auto Save nayo haizigusi. Unapofunga, Blender hukuuliza kama uhifadhi picha zilizobadilika, lakini umeme ukikatika hakuna wa kuuliza. Kanuni iliyowekwa: picha mpya ipewe jina na kusevuwa kwenye folda ya mradi kabla ya kupaka mstari wa kwanza. Nyota iliyo kando ya neno Image kwenye kichwa cha dirisha la picha inamaanisha bado haijaseviwa.

Pili ni njia za mafaili. Blender huandika njia ya jamaa ikianza na alama //, ikimaanisha "kuanzia hapa lilipo faili hili". Hiyo husafiri vizuri. Ila kwenye Windows njia ya jamaa haiwezi kuvuka kutoka diski moja kwenda nyingine. Tekscha iliyoburutwa kutoka folda ya Downloads iliyoko C: inaandikwa kwa njia kamili hata kama Make Paths Relative imebonyezwa, na ukifungua faili kwenye kompyuta nyingine vitu vinatoka rangi ya waridi kali. Dawa ni kuihamishia picha D:\katuni\tekscha kwanza, ndipo uiunganishe.

Pack Resources ilijaribiwa kama njia ya mkato. Inafaa kumtumia mtu shoti moja, kwa sababu picha, sauti na fonti zinaingia ndani ya .blend. Video haziingii. Na picha ile ile ikitumika kwenye shoti kumi, inapakiwa mara kumi. Iliachwa kwa kazi ya kila siku.

Tatu, na hili halikutarajiwa na wengi: kashe ya nguo na chembechembe, yaani mahesabu ya mwendo wake yaliyohifadhiwa. Ukiweka tiki kwenye Disk Cache, Blender hutengeneza folda kando ya faili, jina lake ni blendcache_ likifuatiwa na jina la .blend. Shoti03_v01 ikiseviwa kuwa shoti03_v02, Blender inatafuta blendcache_shoti03_v02, haipo, na mahesabu ya usiku kucha hayaonekani. Hayajapotea. Nakili folda, uipe jina jipya. Baada ya hapo utaratibu wa majina ulibadilishwa: faili la kazi linabaki shoti03.blend daima, na matoleo ya kihistoria ndiyo yanayopewa namba na kupelekwa folda ya matoleo.

Na kidogo tu kuhusu materiali zisizotumika: kitu kisicho na mtumiaji hakiandikwi unaposevu. Bonyeza alama ya ngao, Fake User, kama unakitaka.

9 Februari: Krita

Krita ilikuwa nyepesi. Settings > Configure Krita > General > File Handling: Autosave Interval dakika 5, Create a Backup File on Saving imewashwa, nakala tatu. Nakala hizo hubeba alama ya ~ mwishoni mwa jina.

Hatari iko kwenye swali moja. Baada ya ajali, ukifungua mchoro, Krita inakuuliza kama ufungue nakala ya dharura au faili kuu. Ukichagua faili kuu, nakala ya dharura inafutwa hapo hapo. Utaratibu ulioandikwa na kubandikwa ukutani: usijibu. Ghairi, nenda kwenye folda, nakili faili lenye "-autosave.kra" mahali pengine, ndipo ufungue. Kwenye Linux jina hilo huanza na nukta, kwa hiyo washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Faili la .kra ni zip. Likigoma kufunguka, badilisha kiendelezi kiwe .zip na uangalie ndani: mergedimage.png ni mchoro mzima uliokwisha kuunganishwa, kwa ukubwa wake kamili. Matabaka yamepotea lakini mandhari imeokoka. Kama faili lilikatika katikati, hata zip haitafunguka, maana orodha ya yaliyomo huandikwa mwishoni kabisa. Hapo tumia amri hii kwenye Linux au WSL (Linux ndani ya Windows):

zip -FF bovu.kra --out limepona.kra

Kwenye faili la majaribio lililokatwa makusudi karibu na mwisho, matabaka yaliyoandikwa kabla ya kukatwa yalitoka. Yaliyofuata hayakutoka, wala hayangeweza.

16 Februari: Audacity

Wengi bado wana picha ya Audacity ya zamani kichwani: faili dogo la .aup na folda ya _data yenye vipande vingi vya .au. Toka toleo 3.0 la mwaka 2021, mradi ni faili moja la .aup3, na ndani yake ni hifadhidata ya SQLite. Watu walifurahi kwamba sasa kuna kitu kimoja tu cha kunakili. Si kweli mradi ukiwa wazi.

Wakati Audacity inafanya kazi, maandishi mapya huingia kwanza kwenye faili la pili, .aup3-wal, na kuna la tatu dogo, .aup3-shm. Ukinakili .aup3 peke yake mradi ukiwa wazi, unapata hifadhidata iliyokosa yale ya karibuni. Ukinakili .aup3 saa hii na -wal dakika mbili baadaye, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu yale mawili hayasimulii wakati mmoja. Jaribio lilifanywa kwa mradi wa majaribio: rekodi inaendelea, faili kuu likanakiliwa kwa Explorer. Nakala ilifunguka bila dakika za mwisho, na Audacity ikalalamika. Njia mbili ni salama: funga mradi kwanza, au tumia File > Save Project > Backup Project, ambayo hutoa nakala kamili huku ukiendelea na ule ule uliofunguliwa.

Ukubwa nao una hila yake. Sauti ya chaneli moja kwa kHz 48 na biti 32 ni baiti 192,000 kwa sekunde, yaani karibu MB 691 kwa saa. Ukipitisha Noise Reduction (kupunguza kelele) kwenye saa nzima, Audacity huandika MB 691 nyingine, kwa sababu ya kwanza lazima ibaki ili Undo ifanye kazi. Athari tano, na mradi wa saa moja umekaribia GB 4.2. Unapofunga, historia inaondolewa na faili linabanwa. Kwa hiyo:

diski ya kurekodia iwe na nafasi mara sita ya sauti ghafi;
usiuue Audacity kwa Task Manager eti inachelewa kufunga, iko katikati ya kubana.

Flashi za FAT32 hazifai hata kidogo. Faili moja haliwezi kufika GB 4 humo, na Audacity yenyewe inakataa miradi iliyoko kwenye diski za FAT. Zilizokuwepo zilifomatiwa upya kwa exFAT.

Baada ya ajali, dirisha la Automatic Crash Recovery lina vitufe vitatu. Kama huna uhakika bonyeza Skip, kisha nakili folda ya SessionData. Discard haina kurudi nyuma.

Uamuzi wa nyongeza: sauti ghafi ya kila mwigizaji inatolewa kama WAV siku hiyo hiyo ya kurekodi, kabla ya athari yoyote, na inakaa folda ya mbichi isiyoguswa. Mradi wa .aup3 ukifa, uhariri unarudiwa. Sauti ya mtoto aliyekuja kurekodi mara moja hairudiwi.

23 Februari: Kdenlive

Faili la .kdenlive ni maandishi ya XML, dogo, halina video ndani. Nakala zake za muda mfupi zinarudishwa kwa Open Backup File. Folda ya .backup iliongezwa kwenye orodha ya kunakili. Proksi (nakala nyepesi za video) na picha ndogo ziliachwa, zinajitengeneza upya. Klipu zikihamishwa, dirisha la klipu zilizokosekana lina utafutaji unaopitia folda zote za ndani, nao umefanya kazi vizuri.

8 Machi: Syncthing, imeondolewa kwenye nafasi ya nakala rudufu

Wazo lilikuwa zuri kwa bei: Syncthing, programu ya kulinganisha folda kati ya kompyuta, ni bure, kompyuta tatu zinafanana daima, kila moja ni nakala ya mwenzake. Wiki za majaribio zilitosha kuonyesha kasoro tatu.

Ukifuta folda kwenye kompyuta moja, inafutika kwenye zote, na kwa haraka ya kusifiwa. File Versioning ya aina ya Staggered inapunguza maumivu, lakini inahifadhi yaliyofutwa na kompyuta nyingine, siyo uliyofuta mwenyewe hapo ulipo.

Watu wawili wakifungua na kusevu shoti moja, linazaliwa faili lenye "sync-conflict" na tarehe kwenye jina. Huwezi kuunganisha mafaili mawili ya .blend kama unavyounganisha maandishi. Mmoja kazi yake inakwenda na maji.

Na .aup3 ilisafirishwa ikiwa wazi, -wal ikifuata kwa wakati wake. Upande wa pili ukapata hifadhidata mbovu, kama ilivyoelezwa hapo juu.

Syncthing imebaki kwa folda moja tu: tekscha na sauti zilizokamilika, ambazo mtu mmoja anaandika na wengine wanasoma. Faili la .stignore, orodha ya vitu ambavyo Syncthing isiviguse, lina mistari ya *.blend@, *.aup3* na *-autosave.kra.

22 Machi: restic kwenye diski za nje

Diski mbili za nje za TB 2, TSh 230,000 kila moja. Moja imechomekwa, nyingine iko nyumba nyingine. Zinabadilishana kila Jumamosi. Diski inayokaa imechomekwa wakati wote italiwa na virusi pamoja na kompyuta, ndiyo sababu ziko mbili.

Restic ni programu ya nakala rudufu, na folda inamoandika huitwa hapa ghala. Amri ya kila usiku:

restic -r E:\ghala backup D:\katuni D:\dharura "%LOCALAPPDATA%\kdenlive\.backup" --use-fs-snapshot --exclude-file D:\acha.txt

Kitu cha muhimu hapo ni --use-fs-snapshot. Windows inapiga picha ya diski nzima kwa nukta moja ya wakati, na restic inasoma picha hiyo. Hata Audacity ikiwa wazi, .aup3 na -wal yake ni vya wakati mmoja, na SQLite inajua kuviunganisha kama vile umeme ulikatika. Inahitaji ruhusa za msimamizi: kwenye Task Scheduler weka tiki Run with highest privileges. Bila hiyo picha haipigwi.

Kosa lililojificha mwanzoni lilikuwa la msimbo wa kutokea, yaani namba ambayo programu huacha inapomaliza, 0 ikiwa salama. Restic ikishindwa kusoma baadhi ya mafaili hutengeneza nakala hata hivyo na kutoka na namba 3. Hati ya .bat ilikuwa inaangalia kama nakala ipo tu, kwa hiyo iliripoti kila kitu salama. Sasa chochote kisicho 0 kinaandikwa kwenye faili la JANGA.txt juu ya desktopu.

Ndani ya acha.txt, orodha ya yasiyonakiliwa: *.blend@, *.blend[0-9], *.kra*~ na folda ya fremu zilizorendwa. Matoleo ya .blend1 hayana haja ya kunakiliwa, restic inatunza historia yake yenyewe.

Kuhusu nafasi: restic hukata mafaili vipande vya wastani wa MiB 1 na kuhifadhi kila kipande mara moja. Ili hilo lifanye kazi, zima Compress unaposevu Blender, kwa kuwa faili lililobanwa hubadilika lote hata ukisogeza kitu kimoja. Restic inabana yenyewe. Lakini usitarajie miujiza: Blender huandika ndani ya faili anwani za kumbukumbu, nazo hubadilika kila kipindi kipya, kwa hiyo vipande vingi vya mafaili yenye vitu vidogo vidogo huonekana vipya. Nafuu kubwa ilionekana kwenye mafaili yenye picha zilizopakiwa ndani.

Kupunguza ya zamani: restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune. Nywila imeandikwa kwenye karatasi mbili, mahali pawili. Ikipotea, ghala ni takataka. Hakuna mlango wa nyuma.

12 Aprili: nakala ya wingu

Ghala la pili la restic limewekwa Backblaze B2, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ambako bei iliyotangazwa mwaka 2025 ilikuwa dola 6 kwa TB kwa mwezi. GB 180 ilikuwa kama dola 1.1. Bei si tatizo, intaneti ndiyo tatizo: kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, GB 180 ni saa 80 mfululizo. Upakiaji uliendeshwa saa 4 usiku hadi saa 12 alfajiri kwa Task Scheduler. Ukikatwa, vipande vilivyokwisha kufika havipandishwi tena, kwa hiyo kukatika kwa mtandao hakukurudisha kazi mwanzo. Baada ya mzigo wa kwanza, usiku wa kawaida hupandisha yaliyobadilika tu.

26 Aprili: jaribio la kurejesha

Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye kompyuta ile ile, folda ya C:\jaribio. Kila kitu kikafunguka kwa raha. Matokeo hayo hayana thamani, kwa sababu mafaili yenye njia kamili yalikuwa yanachukua tekscha kutoka mahali pake halisi kwenye kompyuta hiyo, si kutoka kwenye nakala.

Likarudiwa kwenye kompyuta ya mkononi isiyo na diski D:. Shoti kadhaa zikatoka waridi. Ili kuzipata zote bila kufungua moja moja, hati hii fupi iliandikwa kama kagua.py:

import bpy, os
for p in bpy.utils.blend_paths(absolute=True, packed=False):
    if not os.path.exists(p):
        print("HAIPO:", p)

Inaendeshwa kwa blender -b shoti03.blend --python kagua.py. Tekscha zenye <UDIM> kwenye jina (tekscha moja iliyogawanywa mafaili kadhaa) zitatajwa kama hazipo hata kama zipo, zipuuze. Wakosaji walikuwa wa aina mbili: picha za Downloads ambazo hazikuhamishwa, na fonti moja ya vichwa iliyosomwa kutoka C:\Windows\Fonts. Zote zimehamishiwa D:\katuni.

Kdenlive iliomba klipu zake, ikaonyeshwa folda, ikazipata. Krita haikusumbua. Audacity ilifungua mradi uliokuwa wazi wakati wa nakala, ukiwa na sauti hadi dakika ile ya usiku.

Visakinishi vya matoleo yote manne ya programu vimewekwa ndani ya D:\katuni\visakinishi, kwa kuwa mradi wa .aup3 haufunguki kwenye Audacity 2, na Blender ya zamani haiaminiki kufungua faili la mpya.

Jumla ya gharama hadi sasa: UPS TSh 450,000, diski TSh 460,000, na wingu kwa mwezi. Kagua.py sasa inapita kwenye shoti zote kila Ijumaa jioni, kabla diski hazijabadilishana, na restic check --read-data-subset=10%, inayosoma asilimia kumi ya ghala kulikagua, inafuata.